Tamasha la Ishirini Mjini Unguja

Katika mwezi wa Februari mwaka wa 2023 watu wawili wa pwani ya kusini ya Kenya walisafiri kwenda Unguja kuhudhuria Tamasha la Sauti za Busara, ambalo mwaka huo lilikuwa likisherehekea kutimia kwake mara ya ishirini. Mmoja alikuwa mzee wa miaka sabini na miwili, mkulima wa minazi na mihogo, ambaye katika ujana wake alipiga fidla katika taarabu za harusi tangu Vanga hata Mombasa. Wa pili alikuwa mpwa wake, mwana wa dada yake, kijana wa miaka thelathini na kitu, mtunza hesabu wa chama cha ushirika cha wakulima. Mzee alichukua kikapu chenye kanzu mbili na kofia. Mpwa alichukua mkoba wa ngozi, na ndani ya mkoba huo mlikuwa na barua.

Barua hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya safari. Kikundi cha taarabu cha mji wao, ambacho mzee alikuwa mmoja wa walioanzisha, kilikuwa kikikaribia miaka arobaini, na vijana walitaka kufanya sherehe kubwa ya ngoma na nyimbo, si ya usiku mmoja bali ya siku tatu, yenye kualika vikundi vya Tanga, Pemba na Lamu. Mpwa akaandika barua ya kuomba msaada wa fedha kwa shirika moja la nchi za nje. Aliiandika vizuri sana, yenye bajeti na jedwali, na wanachama wote wakatia sahihi isipokuwa mzee. Yeye alisema hawezi kutia sahihi barua inayomwambia mtu asiyemjua kwamba watu wa mji wake hawawezi kulipia furaha yao wenyewe. Maneno yakawa mengi, na wengine wakaanza kunong'ona kwamba mzee anawarudisha watoto nyuma. Mwishowe mpwa akasema, "Mjomba, twende Unguja tukaone wenziwe wanafanyaje." Mzee akakubali, maana alikuwa hajafika Unguja tangu ujana wake, na tena nauli alilipa mpwa.

Walivuka mpaka Lunga Lunga na Horohoro, wakapita Tanga, wakalala Dar es Salaam kwa jamaa, na asubuhi ya Ijumaa wakapanda boti. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukivuma na boti ikayumba kidogo. Watalii wengi waliomo walifumba macho. Mzee alikaa nje akitazama matanga ya majahazi, naye mpwa alikuwa amefungua kitabu chake cha hesabu juu ya magoti.

Ndipo palipozuka ubishi wa kwanza, nao ulikuwa ubishi wa hesabu tupu. Tamasha hili lilifanyika kwa mara ya kwanza mwezi wa Februari mwaka wa 2004. Mpwa akahesabu kwa vidole mwaka baada ya mwaka, akafika 2023, akapata ishirini barabara. Lakini alijua pia ya kwamba mwaka wa 2016 tamasha halikufanyika kabisa, kwa kuwa fedha zilipungua na wenye kulisimamia wakaona ni afadhali kulisimamisha kuliko kuingia madeni. Kwa hiyo, alisema, kwa kanuni za hesabu tamasha la mwaka huo lilikuwa la kumi na tisa, na mkaguzi wa chama chake angelikataa neno "ishirini" bila kusita.

Mzee akacheka. "Mama yako," alisema, "alizaa watoto saba, mmoja akafa akiwa na siku tatu. Ukimwuliza ana watoto wangapi waliozaliwa, atakwambia sita?"

Mpwa hakujibu, lakini aliandika 2016 katika kitabu chake na kuuzungushia duara.

Yafaa kueleza kidogo habari za tamasha lenyewe, maana wasomaji wengi wamelisikia jina lake tu. Sauti za Busara huendeshwa na shirika lisilo la serikali liitwalo Busara Promotions, nalo lilianzishwa na Bwana Yusuf Mahmoud, mzaliwa wa Uingereza aliyekwenda kukaa Unguja, ambaye kwanza alikuwa akisimamia upande wa muziki katika tamasha la filamu la huko huko. Mahali pake ni Ngome Kongwe, boma lililojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya kumi na saba. Kuta zake ni nene na ndefu, na ndani mna uwanja wa wazi wenye miti, na upande mmoja kuna viti vya ngazi vya mawe. Ukisimama hapo usiku, sauti hupanda juu na kurudi, na upepo wa bahari huingia kwa juu ya kuta. Waliochagua mahali hapo hapana shaka walikuwa na masikio mazuri.

Sharti moja la tamasha hili limewapendeza wapenzi wa muziki na kuwaudhi waimbaji wengine: kila apandaye jukwaani lazima apige na kuimba hapo hapo. Hakuna kusimama mbele ya watu na kufungua midomo huku sauti iliyorekodiwa zamani ikisema. Katika Afrika ya Mashariki ya siku hizi, ambapo harusi nyingi hufanywa kwa kinanda kimoja cha umeme na kijana mmoja mwenye mashine, sharti hili si dogo. Linaulizia kama vidole bado vipo. Nao ni muziki wa Afrika nzima: Unguja kwanza, kisha bara ya Tanzania na Kenya na Uganda, kisha visiwa vya Komoro na Reunion, hata Afrika ya Magharibi na ya Kusini. Viingilio hugawanywa kwa madaraja, hata Mtanzania hulipa kidogo sana, Mwafrika wa nchi nyingine hulipa zaidi kidogo, na mgeni atokaye Ulaya au Marekani hulipa mara nyingi zaidi. Mzee alipoelezwa jambo hilo mlangoni alilisifu, akasema ndiyo desturi ya harusi ya zamani: tajiri akila sahani moja na maskini, bado hutarajiwa atunze zaidi.

Neno hilo la kutunza lilikuwa ndilo kiini cha ubishi wao wote, na mtu asiyekulia pwani huenda asilielewe. Katika taarabu msikilizaji hakai akingoja wimbo uishe. Ubeti ukimgusa, awe mke aliyedhulumiwa au mtu mwenye mpenzi wa mbali au mtu anayetaka jirani yake asikie jambo, huinuka, huenda polepole mpaka mbele, akacheza kidogo, akamtia mwimbaji noti mkononi au akambandika kwenye paji la uso, kisha akarudi kitini pake na kila mtu amemwona. Fedha ile ni malipo, lakini pia ni maneno. Mwimbaji mzuri hujua ni nani aliyetoa na kwa nini, na mara nyingine huurudia ubeti ule mara mbili au tatu. Kwa njia hiyo vikundi viliishi. Mzee alieleza kwamba katika miaka yake ya kupiga fidla hapakuwa na bajeti wala jedwali. Mwenye harusi alitoa chakula na nauli, na akina mama wakatoa yaliyobaki, na kulipokucha walikaa chini ya mwembe wakagawana sawa kwa sawa, mpiga fidla na mpiga rika, ila mwimbaji aliongezewa kidogo kwa ajili ya koo lake.

"Na mkigawana mlipata nini, Mjomba?" mpwa aliuliza.

"Tulipata."

"Kiasi gani?"

"Tulipata," mzee akasema tena, nalo halikuwa jibu ambalo mtunza hesabu angeweza kuliandika.

Usiku wa kwanza walikaa kwenye ngazi za mawe. Palikuwa na watu wa kila namna: akina mama wa Ng'ambo waliojitanda kanga na mabuibui, vijana wa chuo, Wazungu waliounguzwa na jua, wachuuzi wa kahawa, na watoto waliopenya pasipojulikana. Vikundi vilibadilishana jukwaani. Kimoja kilikuja na ngoma kubwa zilizofanya kifua kitetemeke. Kingine kilikuwa na magitaa matatu yaliyosemezana kama wazee barazani. Mzee alisikiliza vyote kwa adabu, mikono juu ya bakora, lakini alikuwa akingoja.

Saa nne na zaidi kikaingia kikundi cha taarabu cha vijana waliosomea muziki mjini humo humo. Kulikuwa na udi, kanuni, akodiani, dumbak, na fidla mbili, na fidla moja ilipigwa na msichana ambaye huenda hakutimiza miaka ishirini na mitano. Hapo mzee akasogea mbele mpaka ukingo wa jiwe. Kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba msichana yule anashika upinde juu mno, kama walivyofundishwa wenye kusoma kwa karatasi. Ubeti wa pili akasema, "Lakini anajua kungoja." Mpwa alimwuliza maana yake. Mzee akaeleza kwamba fidla ya taarabu si kuifuata sauti ya mwimbaji, bali kuikaribisha. Mpigaji mbaya hukimbilia ndani ya ubeti, na mpigaji mzuri hungoja mwimbaji avute pumzi ndipo akajibu.

Watu wakaanza kutunza. Mama mmoja mnene wa makamo, mwenye kanga nyekundu, alishuka ngazi akijipenyeza katikati ya watalii waliokuwa wakipiga picha, akaenda hadi jukwaani akanyosha mkono wenye noti. Mlinzi alitaka kumzuia, kisha akamwachia. Akafuatwa na mwingine, na mwingine, na kijana mmoja wa Kizungu akaiga, akatoa noti bila kucheza, watu wakacheka kwa wema. Mpwa alijitahidi kuhesabu. Alifika kumi na saba kisha akapotea, maana wengine walitoa mbili mbili. Akageuka kumwambia mjomba wake hesabu aliyopata, akaona kiti ni kitupu. Mzee alikuwa chini kwenye umati, bakora mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umeinuliwa na shilingi elfu mbili za Tanzania, ambazo ndizo zilizokuwa nauli yake ndogo ya kesho. Hakumpa mwimbaji. Alimpa mpiga fidla.

Walipotoka walikwenda Forodhani wakala urojo na kunywa maji ya miwa, na hapo ubishi ukaanza upya, lakini sasa kwa ukali zaidi, maana kila mmoja alikuwa ameona jambo lililomsaidia.

Mzee alisema ameona kwa macho yake: watu wakipendezwa, hutoa. Mji uwe na imani na watu wake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyo wa nchi za nje si ndugu hata kidogo. Leo yuko, kesho serikali yake imebadilika au ofisi yake imefungwa, na sherehe yenu itafungwa nayo, kama ilivyofungwa hii mwaka wa 2016.

Mpwa akajibu kwamba hesabu haiendi hivyo. Noti zote zilizotolewa usiku ule, hata kama ni mia, hazitoshi kulipa nauli ya ndege ya mpiga ngoma mmoja atokaye Afrika ya Magharibi, wacha chakula chake na kitanda chake. Tena jukwaa, taa, vipaza sauti, walinzi, daktari, vibali. Viingilio vya mlangoni navyo havijawahi kutosha gharama za tamasha hili, ndiyo maana kwa miaka mingi lilisaidiwa na Ubalozi wa Norway na wengineo. Na msaada wa Norway ulipokwisha mwaka wa 2022, wasimamizi walitangaza wazi kwamba mara ya ishirini huenda ikawa ya mwisho, mpaka ilipojitokeza taasisi yenye asili yake katika nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe wenyewe ikaahidi kusaidia. "Kwa hiyo, Mjomba," alisema, "hii furaha uliyoitunza shilingi elfu mbili, kuna mtu aliyekwisha kuilipia kabla yako."

"Umesema mwenyewe," mzee akajibu. "Aliyewaokoa alitoka wapi? Alitoka mjini."

Mpwa akakiri kwamba hakuwa ameliangalia jambo hilo kwa upande huo. Lakini hakushindwa. Akasema Unguja ni mji wa hoteli na wageni; mji wao una nyumba moja ya wageni yenye vyumba sita, na mwenyewe hupenda mpira.

Ni haki kusema kwamba katika jambo hili wote wawili walikuwa na historia upande wao. Taarabu yenyewe, ambayo watu wa pwani huiona ni mali yao kama nazi na karafuu, haikuanza kwa noti za akina mama. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alimtuma mtu Misri akajifunze kupiga kanuni, kwa gharama ya jumba la sultani. Mwaka wa 1905 vijana wa mjini wakaanzisha chama cha Ikhwani Safaa, nao walikuwa watu wenye uwezo. Walikutana jioni, wakaagiza ala kutoka Misri, na nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu. Maskini wa Ng'ambo walizisikia kwa mbali. Ila Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyezaliwa katika umaskini na kuuza vyungu mitaani, aliziimba kwa Kiswahili mpaka watu wote wakazielewa, na mwaka wa 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Safari ile ililipwa na kampuni ya santuri, si na majirani. Lakini kampuni isingalimjua kama majirani wasingalijaa barazani kwake usiku baada ya usiku. Nani basi aliyelipa? Ikhwani Safaa walitimiza miaka mia mwaka wa 2005, baada ya kupita usultani, ukoloni, mapinduzi ya 1964, na hata kipindi cha kubadilishwa jina, na mtu akichunguza atakuta kwamba katika kila kipindi alikuwako mtu mwingine wa kulipa.

Wala tamasha la Ngome Kongwe lisingekuwa lilivyo bila ya mzee mmoja ambaye hakuna bajeti iliyomweka. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliimba katika tamasha hilo mara nyingi tangu miaka yake ya kwanza, akiwa amekwisha kuwa bibi kizee ambaye umri wake wa kweli haukujulikana, na wengine wakisema amepita miaka mia. Alizishika nyimbo za Siti binti Saad kwa sikio. Alipiga msondo, alivuta sigara, aliwatania mawaziri, na mwaka wa 2005 akapewa tuzo ya dunia ya WOMEX. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, miezi miwili tu baada ya tamasha la kumi. Watu wengi wa Unguja wakasema wakati ule kwamba sasa tamasha litabaki jukwaa tupu. Halikubaki tupu, mwaka wa 2021, wakati sherehe za muziki zilikuwa zimefungwa karibu dunia nzima kwa ajili ya maradhi ya korona, hili lilifanyika, ingawa kwa siku mbili tu.

Jumamosi asubuhi wawili hao walitembea mjini. Jirani ya Ngome Kongwe walisimama mbele ya Beit el Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka wa 1883, ambalo sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, wakati matengenezo yaliyogharimiwa na serikali ya Oman yalikuwa yakiendelea. Mzee aliliona jumba hilo zima alipokuwa kijana, na mnara wake, na nguzo zake za chuma. Akatazama kifusi na uzio kwa muda mrefu.

"Hata hili lilikuwa na mfadhili," akasema.

"Mfadhili alichelewa, Mjomba. Angalikuja miaka kumi kabla, lingalisimama."

Mzee hakubisha. Labda lilikuwa jambo la kwanza katika safari yote ambalo hakulibishia. Baadaye aliomba wapite Darajani, na katika duka moja la vyombo vya muziki na redio akauliza bei ya nyuzi za fidla. Mpwa alishangaa, kwa sababu fidla ya mjomba wake ilikuwa imetundikwa ukutani kwa miaka kumi na mbili, haina nyuzi, na kijusi wa jirani aliwahi kuvunja kigingi kimoja. Mwenye duka akasema nyuzi zilizoko ni za gitaa, lakini mzigo mwingine unangojewa Jumatatu. Wao walikuwa wa kuondoka Jumapili, maana mpwa alitakiwa kazini.

Usiku huo walikwenda tena ngomeni, lakini mzee alichoka mapema na hakuna cha kusimulia sana, isipokuwa kwamba aliamkiwa na yule msichana wa fidla. Alikuwa amekaa nje ya ukuta akila muhogo wa kuchoma, akamtambua mzee wa noti, akainuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Fidla hiyo ni yako?"

"Ya chuo, babu. Yangu bado sijapata uwezo."

Mzee akamwuliza wanamlipa kiasi gani kwa usiku. Msichana akataja. Si haki kulitaja hapa, lakini mpwa, ambaye hupima mambo kwa tarakimu, alisema baadaye kwamba kilikuwa kiasi kizuri kuliko alivyodhani, na mzee akasema kilikuwa kiasi ambacho yeye hakukipata kwa msimu mzima wa harusi. Msichana akaongeza kwamba tamasha huja mara moja kwa mwaka, na miezi kumi na mmoja iliyobaki yeye hupiga katika hoteli, nyimbo zile zile tatu, watu wakiwa wanakula. "Hakuna anayetunza huko," akasema, akacheka.

Katika boti ya kurudi, Jumapili, mzee alimwambia mpwa wake aitoe barua aisome tena, polepole, yote. Mpwa akasoma. Ilipofika kwenye jedwali la gharama mzee akamsimamisha kila mstari. Jukwaa na mahema: akanyamaza. Vipaza sauti na taa: akanyamaza. Nauli ya kikundi cha Lamu na cha Pemba: akauliza kama ni ya kwenda na kurudi, akaambiwa ndiyo, akanyamaza. Malipo ya wapigaji wa kikundi chenyewe: hapo akasema, "Futa."

"Mjomba, mstari huu ndio mkubwa. Nao ndio wa haki. Umemsikia msichana yule."

"Nimemsikia. Ndiyo maana nasema futa. Kama watu wa mjini hawawezi kutulipa sisi, tumwite nani kuja kutusikiliza?"

"Na wakitoa kidogo?"

"Tutajua ni kidogo."

Mpwa akasema kwamba vijana saba wa kikundi wana watoto, nao hawali majibu ya namna hiyo. Mzee akakubali kwamba ni kweli, akakaa kimya, kisha akasema labda nusu. Mpwa akauliza nusu ya nini, ya mstari au ya wapigaji. Walikuwa bado wanalishughulikia jambo hilo wakati minara ya Dar es Salaam ilipoanza kuonekana na watu wakasimama kutafuta mizigo yao. Barua ikarudishwa mkobani haijatiwa sahihi, ila mstari mmoja ulikuwa umewekwa alama ya kalamu pembeni, na mzee alikuwa akimwuliza baharia mmoja kama anajua duka la nyuzi za fidla Kariakoo.